Kine huko Ndosho: kidonda kikipona, kazi haijaisha

Hospitali CBCA Ndosho, upande wa magaribi ya muji wa Goma, inajulikana sana juu ya kazi ya kupasua. Tangu mwaka wa 2012, Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu, CICR, inasaidia pale kutunza watu waliojeruhiwa na vita. Mwisho wa mwezi wa Januari 2025, wakati vita iliingia Goma, vitanda vilijaa na wagonjwa wengine walilala chini. Watu wengi walisikia habari ya operesheni. Ile kazi inayofuata operesheni haisemwe sana.

Kazi hiyo ni kinezitherapi. Wakaaji wanasema tu «kine». Munganga wa kupasua anatosha risasi, anasafisha kidonda, anaunganisha mufupa. Kisha pale, munganga wa kine ndiye anasaidia muguu au mukono urudilie kufanya kazi.

Ni kwa nini hiyo ni ya lazima? Mutu akilala bila kutikisika, misuli inaanza kupoteza nguvu ndani ya siku kidogo tu. Goti lisilokunjwa linakauka, kama mulango wenye kutu. Damu inaweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Mwenye kidonda cha kifua anaogopa kuvuta pumuzi juu ya maumivu, makohozi yanabakia ndani, na mapafu yanaweza kushikwa na ugonjwa.

Ndiyo maana kine haingojee kidonda kifunge. Munganga wa kupasua akikubali, inaweza kuanza kesho yake: kutikisa vidole, kuvuta pumuzi ya nguvu, kukaa pembeni ya kitanda, kisha kusimama na kutembea na fimbo mbili. Mara mingi jamaa wanaona ni kutesa mugonjwa. Mama anasema: «Mumuache kwanza apumuzike.» Ni upendo, lakini kupumuzika sana kunaweza kuacha kilema mahali risasi yenyewe haikukiacha.

Kwa mutu aliyekatwa muguu, kosa dogo linaweza kuleta matatizo makubwa. Watu wa nyumbani wanaweka muto chini ya kipande cha muguu kilichobakia, eti asisikie maumivu. Goti au nyonga inazoea kukunjwa, kisha haifunguke vizuri. Hapo muguu wa bandia unakuwa nguvu kuvalisha. Munganga wa kine anafundisha kunyoosha, kulala juu ya tumbo wakati fulani, na kufunga bandeji ili kipande kikamate umbo. Huko Goma, kituo Shirika la Umoja kinatengeneza miguu ya bandia, na CICR inakisaidia. Kwa mutoto, safari haiishe: anakomaa, na ule muguu unakuwa mufupi, ni lazima kubadilisha.

Tena kine si ya watu wa vita peke yao. Mwenye kuanguka na moto, mwenye kupooza upande mumoja wa mwili, mutoto aliyeungua moto kwenye mukono, wote wanaihitaji.

Shida kubwa inakuja kisha kutoka hospitali. Kidonda kikifunga, mutu anaona amepona. Feza ya moto ya kurudi hospitali inakosa, na kuna watoto wa kulisha. Lakini nyumbani ndiko kuna mutihani wenyewe: mawe ya volkano kwenye njia, choo cha kuchuchumaa, bidoni ya maji, chukudu ya kusukuma. Muguu usiozoezwa hauwezi hiyo.

Mbele ya kutoka hospitali, mugonjwa na jamaa yake waulize mambo haya:

– Ni mazoezi gani ya kufanya nyumbani, mara ngapi kwa siku?
– Ni kitu gani hapaswe kufanya, na ataanza kukanyaga chini na nguvu yote siku gani?
– Ni nani wa nyumbani atajifunza kumusaidia?
– Atarudi kuonekana siku gani?

Maumivu madogo wakati wa mazoezi ni ya kawaida. Lakini muguu ukivimba na kuwa moto, kidonda kikitoa usaha, ao homa ikipanda, mutu aache mazoezi na arudi hospitali siku ileile. Akishikwa gafula na maumivu ya kifua ao kukosa pumuzi, asingojee hata saa moja.