Tuchore tunda la kahawa na majani yake

Wamama, vitabu vya kupaka rangi vinavyouzwa mjini vimejaa matunda ya ng'ambo. Hapa Goma watoto wanakulia juu ya mawe meusi ya volkano. Wengi hawajaona mti wa kahawa ambao mama zetu waliuchuma Idjwi au Minova. Basi tuanze na huo.

Chora tawi kwanza, mstari mmoja uliolala. Majani hutoka mawili mawili yakielekeana, marefu, yenye ncha na kingo za mawimbi. Matunda usiyaning'inize mbali kama maembe: yanabanana pale jani linapoungana na tawi. Hapo ndipo wengi tunakosea, hata mimi. Kila tunda ni kama yai dogo lenye kiduara nchani.

Usipake yote mekundu. Kwenye tawi moja kuna mabichi ya kijani, yanayogeuka manjano, na mekundu yaliyoiva. Acha alama ndogo nyeupe juu ya kila moja, litang'aa. Kalamu nyekundu imeisha? Makaa yanatosha.

Kama mama yako alilima kahawa, mtoto amuulize shamba lilikuwa wapi, aandike jina la kijiji chini ya picha.