Simujanja au kamera ndogo: Ipi itunze ushahidi wa kazi yako?

Siku ya kumwaga zege haina nafasi ya mjadala. Vibarua wanapokezana ndoo, na kufikia jioni nondo zote zimezama. Baada ya hapo, mwenye nyumba akiuliza ni nondo za milimita ngapi zilifungwa na ringi zilipangwa kwa umbali gani, jibu pekee lisilohitaji kubomoa ni picha iliyopigwa asubuhi ile.

Hapa Pasua, katika Manispaa ya Moshi, si jambo geni kumkuta fundi akijenga nyumba ya mtu anayeishi Dar es Salaam au nje ya nchi. Fedha zinatumwa kwa simu, picha zinarudi kwa simu. Picha isiyoonekana vizuri, au isiyojulikana ilipigwa lini, inaweza kuchelewesha malipo ya wiki nzima.

Ndiyo maana tunalichukulia kwa uzito swali hili: mtu anayepiga picha kwa ajili ya kazi atumie simujanja aliyonayo, au anunue kamera ndogo ya mfukoni?

Jibu fupi

Kwa mafundi wengi, simu inatosha. Fedha ya kamera ni bora iingie kwenye simu nzuri zaidi na memori kadi. Lakini zipo kazi ambazo kamera bado inazifanya vizuri zaidi, na tutazieleza.

Soko lenyewe limeshaonyesha mwelekeo. Mwaka 2010 makampuni ya Japani yalisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Kamera ndogo za bei nafuu ndizo zilizopungua zaidi, kwa hiyo nyingi unazoziona zikiuzwa leo ni zilizokwisha kutumika.

Simu inashinda wapi

Kwanza, ubora. Nyuma ya lenzi kuna kipande kinachopokea mwanga, kiitwacho sensa. Kikiwa kikubwa, picha hutoka safi hata mwanga ukiwa hafifu. Sensa ya kamera ndogo ya bei ya chini ina upana wa milimita 6 hivi, na simu nyingi za bei ya kati leo zina sensa inayolingana na hiyo au kuizidi. Usidanganywe na idadi ya megapikseli: 12 zinatosha kuchapisha picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4.

Pili, tarehe. Simu huchukua saa na tarehe kutoka kwenye mtandao. Kamera hutegemea tarehe uliyoiweka mwenyewe, na ikikaa muda mrefu bila chaji, nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Picha ya msingi wa mwaka huu ikiandikwa mwaka 2012, itakuletea maswali badala ya kukusaidia.

Tatu, kutuma. Picha ya simu inaweza kumfikia mwenye nyumba kabla zege halijamwagwa, naye akasema, "Fundi, hapo kwenye kona ongeza ringi." Ya kamera itasubiri kompyuta au kifaa cha kuihamisha.

Kamera ina nafasi yake

Kuvuta mbali ni jambo la kwanza. Lenzi ya kamera hujisogeza yenyewe, kwa hiyo unaweza kusimama chini ukaona msumari wa bati au kiungo cha waya juu ya nguzo. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta mbali hukata tu kipande cha katikati na kukikuza, na picha huwa na ukungu.

La pili ni giza. Flashi ya kamera kwa kawaida ina nguvu kuliko taa ya simu. Kwa anayekagua shimo la maji taka au dari, hiyo ni tofauti kubwa.

La tatu ni mazingira magumu: vumbi la kiangazi, matope ya masika, mikono yenye saruji. Zipo kamera ndogo zilizotengenezwa kustahimili maji, vumbi na kuanguka. Kwa waongoza watalii wanaopanda Kilimanjaro hadi mita 5,895, kamera inayobadilishwa betri ina faida nyingine. Baridi hupunguza nguvu ya betri, hivyo betri ya akiba ikikaa kwenye mfuko wa ndani itaokoa safari. Simu nayo inabaki na chaji kwa ajili ya dharura.

La nne ni faragha. Kamera ya ofisi inaweza kupita mikononi mwa watu watano bila mtu kuona meseji za mwenzake. Pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha za watu wanaotambulika. Picha ya mgonjwa au mwanafunzi isikae kwenye simu ya mtu pamoja na picha za harusi.

Picha inapoharibikia njiani

Kosa kubwa tunaloliona halitokani na kifaa. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za ndani, kama muda na mahali ilipopigwa. Ukiituma kama hati, inafika kama ilivyo.

Hili lina uzito kisheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu taarifa za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na uzito wake hupimwa kwa kuangalia zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na kama hazikubadilishwa. Kwa hiyo tunza picha ya asili. Ukitaka kuikata au kuiandika, fanyia kazi nakala.

Hesabu ya nafasi si kubwa. Picha 20 kwa siku, za MB 4 kila moja, kwa siku 26 za kazi ni kama GB 2 kwa mwezi. Memori kadi ya GB 64 itabeba zaidi ya miaka miwili. Weka nakala ya pili mahali pengine, kwa sababu simu huibwa na kadi huharibika.

Kabla hujalipa

Dukani, usipige picha mlangoni kwenye jua, maana huko kila kifaa ni kizuri. Ingia kona yenye giza, piga karatasi yenye maandishi madogo, kisha ikuze uone kama yanasomeka. Kwa kamera iliyotumika, uliza kwanza kama betri na chaja yake bado vinapatikana.

Na kwenye saiti, piga picha tatu kila hatua: ya mbali ionyeshe eneo lote, ya kati ionyeshe sehemu ya kazi, na ya karibu ikiwa na futi kamba imelazwa kando ya nondo, namba zikisomeka. Zipige zote kabla ndoo ya kwanza ya zege haijainuliwa.