Gitaa la Kadibodi la Antonio de Torres

Mwaka 1862 Antonio de Torres, seremala mzaliwa wa Almería, kusini mwa Hispania, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za kadibodi. Katika mwili wake, ubao wa juu ndio uliokuwa mti halisi, sprusi teule. Gitaa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona, nami nalihesabu miongoni mwa majaribio bora ya sayansi ya karne ya 19, kwani fundi alitenga jambo moja ili lipimwe peke yake. Wapenzi wa magitaa ya kale husifia rozwudi ya Brazili, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu, wakiamini utamu wa sauti umo humo. Kwa Torres, utamu ulikuwa kwenye ubao wa juu.

Fizikia inamuunga mkono. Uzi ni mwembamba mno kuitikisa hewa ya chumba. Lazima uazime kitu kipana. Ubao wa juu, wenye unene wa milimita mbili na ushei, unatakiwa uwe mwepesi ili uitike upesi, tena mgumu ili usipindwe na nyuzi zinazouvuta usiku na mchana. Sprusi ni ngumu kwa urefu wa nyuzinyuzi zake, lakini hulegea kwa upana. Ndiyo maana Torres aligundisha chini yake vijiti saba vilivyotawanyika kama njiti za kipepeo cha kuchochea moto. Hakuubuni yeye mpangilio huo: mafundi kina Pagés na Benedid wa Cádiz walikuwa nao tangu karne ya 18. Ustadi wake ulikuwa kuulinganisha na mwili mpana zaidi na ubao mwembamba, uliotuna kidogo.

Itasemwa kwamba gitaa la kadibodi halipigiki tena, hivyo tunategemea masimulizi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana mti wa mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyapiga bila kuyaona, na tofauti waliyoisikia ilikuwa ndogo sana. Yalikuwa ya nyuzi za chuma, si za utumbo kama za Torres, ila mwelekeo wa matokeo ni uleule. Wengine watautaja umri kama chanzo cha utamu: ni kweli mti wa zaidi ya karne hunyonya unyevu kwa kiasi kidogo kuliko mti mpya. Hata hivyo Torres alipewa medali Seville mwaka 1858 kwa gitaa jipya, na mpigaji gitaa Francisco Tárrega alilinunua lake, la mwaka 1864, likiwa na miaka michache tu.