Pete ya almasi ya zamani haiuzwi kwa mizani: mambo ya kujua kabla hujanunua au kuuza

Karagwe na Kyerwa tumezoea biashara ya mizani. Kahawa inapimwa kwa kilo na daraja. Bati la Kyerwa linapimwa kwa kilo na usafi wake. Kwa hiyo mtu akiwa na pete ya zamani mkononi, wazo la kwanza ni lile lile: ipelekwe kwa sonara, iwekwe kwenye mizani, tujue dhahabu yake ni gramu ngapi.

Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Pete ya zamani yenye almasi inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko dhahabu iliyoibeba. Ikishayeyushwa, thamani hiyo hairudi. Na upande wa pili, wapo wanaouza kipande cha kioo kwa jina la "almasi ya kale" na kuchukua hela ya msimu mzima wa kahawa.

Tuangalie kwa nini vito hivi vinapendwa hivyo, na ufanye nini usipigwe.

Ya kale ni ipi, ya zamani ni ipi?

Wafanyabiashara wa vito duniani wana mazoea yao. Pambo lenye umri wa miaka 100 au zaidi ndilo huitwa la kale. Lenye umri wa chini ya hapo, lakini lisilopungua kama miaka 20, huitwa la zamani. Kwa hesabu hiyo, pete iliyotengenezwa mwaka 1910 ni ya kale. Ya mwaka 1960 ni ya zamani tu, hata kama bibi yako aliivaa siku ya ndoa yake.

Muuzaji mzuri atakuambia mwaka au angalau kipindi. Akikujibu "ni ya siku nyingi sana" halafu akaishia hapo, ongeza umakini.

Sababu ya kwanza: zilikatwa kwa mkono

Almasi ikitoka ardhini haing'ai kama unavyoiona dukani. Inang'aa baada ya kukatwa na kusuguliwa, na zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na kwa jicho la fundi.

Ipo mikato kadhaa ya zamani. Mkato wa waridi uko bapa chini, na juu umevimba kama tumba la ua. Mkato wa karne ya 18 na 19 una umbo linalokaribia mraba wenye kona za mviringo. Kichwa chake ni kirefu, uso wa juu ni mdogo, na ncha ya chini imekatwa bapa. Ndiyo maana ukiitazama kwa juu unaona kama kaduara kadogo katikati. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ukaja mkato wa kale wa Ulaya, ambao ni wa duara.

Mafundi wale walifanya kazi kabla umeme haujaenea. Mawe yao yalivaliwa kwenye mwanga wa mishumaa na taa za mafuta. Ndiyo maana almasi ya namna hiyo, ukiiweka karibu na koroboi, hutoa mimweko mipana ya rangi inayokuja taratibu. Almasi ya kisasa humeta kwa vinukta vingi vidogo vya haraka.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1919, pale Marcel Tolkowsky, mhandisi aliyetoka katika familia ya wakata almasi wa Antwerp, Ubelgiji, alipochapisha hesabu za vipimo vinavyoifanya almasi irudishe mwanga mwingi. Kuanzia hapo mawe mengi yalianza kufanana. Ya zamani hayafanani. Kila moja lina makosa madogo ya mkono wa fundi wake, na wanunuzi wengi wanalipia hayo hayo.

Sababu ya pili: almasi ya maabara

Mwaka 1954 kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa kutengeneza almasi kiwandani. Zilikuwa ndogo, za kutumika kwenye mashine. Leo maabara zinatoa mawe safi ya kuvaa, na jicho la kawaida haliwezi kuyatofautisha na ya ardhini. Bei zake zimeshuka sana miaka ya karibuni.

Sasa, pambo lililotengenezwa kabla ya mwaka huo haliwezi kuwa na almasi ya maabara, kwa sababu haikuwepo. Kwa anayetaka jiwe la asili, hilo linampa utulivu wa moyo.

Lakini kuna tahadhari mbili. Jiwe la asili linaweza kuwa lilitoka kwenye pete na kubadilishwa baadaye. Pia maabara za leo zinaweza kukatiwa mawe kwa mtindo wa zamani. Kwa hiyo kinachohitaji kuthibitishwa ni jiwe lenyewe pamoja na pete yake, siyo pete peke yake.

Sababu ya tatu: historia, na mfano uko Mwadui

Mfano mzuri kuliko yote hauko mbali nasi. Uko Shinyanga.

Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Oktoba 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima lilikuwa na uzito wa kama gramu 11. Williamson alilitoa zawadi kwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa Novemba mwaka huo.

Jiwe lilikatwa London mwaka 1948 na kubaki karati 23.6. Yaani zaidi ya nusu ya uzito ilipotea kwenye kukata. Kwa hesabu ya mizani hiyo ni hasara. Mwaka 1953 kampuni ya Cartier ililiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, ikizungukwa na almasi ndogo nyeupe. Elizabeth, ambaye wakati huo alikuwa Malkia, aliivaa kwa miaka mingi, ikiwemo kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Angalia kilichoandikwa kuhusu jiwe hili: mgodi, mwezi na mwaka, aliyelitoa, lilikokatwa, waliolitengeneza pambo na aliyelivaa. Hakuna pengo. Huo ndio mnyororo wa historia ambao wanunuzi wakubwa wanautafuta.

Na jina peke yake lina nguvu kiasi gani? Oktoba 2022 almasi nyingine ya waridi, ya karati 11.15, ilipigwa mnada na Sotheby's mjini Hong Kong. Ilipewa jina Williamson Pink Star, na nusu ya jina hilo ilikuwa kwa heshima ya lile jiwe la Mwadui. Iliuzwa kwa takriban dola milioni 57.7 za Marekani. Rangi yake na usafi wake vilikuwa vya hali ya juu sana, hilo halina ubishi. Lakini waliolipa jina hilo walijua wanachokifanya.

Karagwe tulilijua hili zamani

Thamani ya pambo kutoka kwenye historia yake siyo habari ya Wazungu tu. John Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika Novemba 1861. Henry Stanley akafika mwaka 1876. Waliandika habari za hazina ya mtawala huyo: mikuki ya fahari, na sanamu za ng'ombe na ndege zilizotengenezwa kwa chuma na shaba.

Shaba nyingine ilikuja na misafara ya wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na kituo chao Kafuro. Ilikuja kama waya, na waya mwembamba ukasokotwa kuwa nyerere za kuvaa mikononi na miguuni.

Kwa kilo, shaba hiyo ni vyuma chakavu. Ila ukijua kwamba kitu fulani kilitoka Bweranyange, kwenye makao ya watawala wa Karagwe, hakuna mwenye akili atakayekipeleka kwenye mizani. Almasi ya zamani inafuata kanuni hiyo hiyo. Na ubaya wake ni ule ule pia: habari ikipotea, kinabaki chuma au kinabaki kijiwe.

Usikubali kupigwa: mambo ya kuangalia

*Uzee wa pete si ushahidi wa almasi.* Ulaya ya karne ya 18 tayari ilikuwa na mafundi hodari wa kutengeneza vito vya kioo. Pete inaweza kuwa ya kale kweli na jiwe lake likawa kioo.

*Soma mihuri ya ndani ya pete.* Namba 750 ina maana sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu, yaani karati 18. Namba 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Usichanganye: karati ya dhahabu ni usafi, karati ya almasi ni uzito. Pete nyingi za Uingereza zina pia alama ya mji ilikopimwa, kwa mfano kichwa cha chui kwa London na nanga kwa Birmingham, pamoja na herufi ya mwaka. Hizo herufi zinaweza kukupa umri wa pete bila maneno ya muuzaji.

*Angalia kingo za jiwe kwa kioo cha kukuza.* Almasi haichakai kirahisi, kingo zake hubaki kali hata baada ya miaka 100. Kioo na zirkonia hulika na kuwa butu.

*Usiamini jaribio la kupuliza pumzi peke yake.* Wala usitosheke na kile kifaa kidogo cha kupima joto. Jiwe linaloitwa moisanaiti hupitisha joto vizuri na hudanganya vifaa vingi vya aina hiyo.

*Usigonge jiwe kwa nyundo.* Kuna watu bado wanaamini almasi haivunjiki. Almasi ni ngumu kukwaruzwa, lakini ikipigwa vibaya inapasuka.

*Mtandaoni, omba cheti kabla ya kutuma pesa.* Picha nzuri na maneno "ya kale, ya familia ya kifalme" havitoshi. Cheti cha maabara inayojulikana, kama GIA ya Marekani, kina namba unayoweza kuihakiki mwenyewe kwenye simu yako. Muuzaji akikwepa, achana naye.

Na kumbuka, haya yote ni kuhusu almasi iliyokwisha kuwekwa kwenye pambo. Almasi ghafi ni jambo jingine kabisa. Kuinunua au kuiuza bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Madini. Mtu akikunong'oneza Omurushaka, Nkwenda au Murongo kwamba ana "jiwe kutoka Mwadui", jibu ni moja: ondoka.

Kama unayo nyumbani

Kwanza, usiiyeyushe na usikubali itolewe jiwe "ili ipimwe vizuri" ukiwa haupo. Piga picha za jiwe, mihuri na upande wa ndani kabla haijatoka mkononi mwako.

Pili, peleka kwa zaidi ya mtu mmoja. Sonara atakuambia habari za dhahabu, lakini kuhusu jiwe unahitaji mtaalamu wa vito. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambacho kazi yake ni mambo ya vito.

Tatu, kagua kucha zinazoshika jiwe. Dhahabu hulika kwa miaka, na almasi nyingi za zamani hupotea kwa sababu kucha moja imeisha na mwenye pete hajui.

Nne, isafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni na mswaki laini. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, inaharibu dhahabu. Ivue unapopika pia. Almasi hunasa mafuta kuliko mawe mengine, kiasi kwamba migodini wamekuwa wakitumia meza zilizopakwa grisi kuzikamata. Jiwe lililofifia mara nyingi halijachakaa, limeshika mafuta tu.

Tano, na hili ndilo halina gharama: kaa na mzee aliyekupa pete, andika majibu yake. Nani aliinunua? Wapi? Mwaka gani? Nani alivaa? Risiti ya zamani, barua au picha ya harusi inayoonyesha pete kidoleni, hifadhi pamoja nayo. Wazee wakiondoka, majibu hayo huondoka nao, na hakuna maabara inayoweza kuyarudisha.