Praima: Rangi Inayotangulia Rangi Nyingine katika Modeli Ndogo

Modeli za ndege, magari, meli na vifaru zinazouzwa zikiwa vipande vya kuunganishwa kwa gundi hutengenezwa, kwa sehemu kubwa, kwa polistirini, ambayo ni plastiki nyororo isiyofyonza kimiminika, na kwa sababu hiyo rangi inayopakwa juu yake moja kwa moja, hasa akriliki inayoyeyushwa kwa maji, hukosa mahali pa kushika na hubanduka kwa urahisi inapokwaruzwa na ukucha au inapovutwa na utepe wa gundi. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, huondoa tatizo hilo kwa kushikamana na plastiki upande wa chini na kushikwa na rangi upande wa juu. Hata hivyo, faida yake kubwa zaidi pengine ni ukaguzi: modeli ambayo haijapakwa huwa na rangi ya plastiki, ya puti na ya gundi iliyokauka, mchanganyiko unaolidanganya jicho, lakini ikishafunikwa kwa rangi moja, kila mkwaruzo wa msasa na kila mshono usiozibwa sawasawa huonekana wazi.

Uchaguzi wa praima huanzia kwenye kiyeyushi chake. Praima za laka, mfano wake zikiwa zile za makopo ya kupuliza za kampuni ya Tamiya ya Japani, hutumia viyeyushi vikali vinavyolainisha kidogo uso wa plastiki na kujishikiza humo, nazo hukauka haraka na kukubali kupigwa msasa. Praima za akriliki, kama zile za Vallejo ya Hispania, hazina harufu kali na humfaa anayefanya kazi ndani ya nyumba, lakini hutanda juu ya plastiki kama utando, hivyo huhitaji kuachwa angalau siku nzima zikomae, na baadhi yake hukunjamana na kubanduka zikipigwa msasa mapema. Vipande vya madini na vya rezini, ambavyo mara nyingi huongezwa kwenye modeli za bei ya juu, hushikwa vizuri zaidi na laka au na praima maalumu ya madini. Katika praima za Mr. Surfacer za kampuni ya GSI Creos, namba 500, 1000, 1200 na 1500 husomwa kama namba za msasa: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chembe zinavyokuwa laini, kwa hiyo 500 huziba mikwaruzo mikubwa na 1500 huacha uso laini sana.

Unene ndio unaoharibu modeli nyingi kuliko makosa mengine yote. Katika kipimo cha 1:72, tabaka la milimita 0.1 ni sawa na rangi yenye unene wa milimita 7.2 kwenye ndege halisi, na hakuna ndege iliyowahi kupakwa hivyo. Mistari ya mabati na vichwa vya ribiti huzama chini yake. Kwa hiyo modeli huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kiwandani na ya vidole, huachwa ikauke kabisa, kisha hupuliziwa kutoka umbali wa sentimita 15 hadi 25, mkono ukianza kupuliza kabla ya kuifikia modeli na kuacha baada ya kuipita. Tabaka la kwanza huwa ukungu tu unaoacha plastiki ikionekana, na mengine mawili au matatu hufuata. Kopo likiwa mbali mno, rangi hukauka hewani na kutua kama vumbi. Likiwa karibu mno, hutiririka. Hewa yenye unyevu mwingi, ambayo wakazi wa Mombasa na Dar es Salaam wanaifahamu vyema, huweza kuifanya laka iwe na weupe wa ukungu, kwa kuwa kiyeyushi kinapopotea hupoza uso na kuvuta mvuke wa maji. Ni afadhali kusubiri saa kavu zaidi ya siku.

Rangi ya praima huamuliwa na ile itakayofuata. Nyeupe huzipa uhai nyekundu na njano, ambazo hufunika kwa shida. Nyeusi inayong'aa huhitajika chini ya rangi nyingi za kuiga madini yaliyong'arishwa. Na nyekundu ya kutu hufaa kwa vifaru vya Ujerumani vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa kuwa vyenyewe vilipakwa praima ya aina hiyo kiwandani, na mahali rangi ya juu inapochubuliwa makusudi huonekana kama ilivyokuwa.

Mvuke wa laka hudhuru mapafu na huwaka moto, na barakoa ya kawaida ya vumbi haiuzuii. Panatakiwa hewa inayopita, barakoa yenye vichujio vya mvuke, na pasiwepo jiko wala sigara karibu. Kwa anayeweza kupata masharti hayo na ana fedha za kopo moja tu, laka ya kijivu ndiyo ya kununua, kwani huonyesha kasoro vizuri kuliko nyeusi na nyeupe na hukubali karibu kila rangi juu yake.