Nyuso za makaisari wa Roma: mashine inatoa wapi rangi ya macho?

Masisi na Walikale, foto ya uso wa mtu inaweza kupita kwenye telefone nyingi kabla ya jioni. Mmoja anasema eti ni mkubwa wa kundi fulani lenye silaha, mwingine anasema ni ndugu aliyepotea. Ni wachache wanaouliza kama uso ule ni wa mtu kweli. Kazi moja ya Kanada, juu ya watu waliokufa zamani sana, inasaidia kuelewa namna uso unavyoweza kutengenezwa.

Mwaka 2020, Daniel Voshart, msanii wa Toronto, alitoa foto za makaisari 54 wa Roma. Wa kwanza ni Augusto, yule anayetajwa katika Injili ya Luka kwa ajili ya hesabu ya watu. Ukiwaangalia, utasema wamepigwa foto jana: ngozi ina makunyanzi, macho yanang'aa. Lakini wakati ule foto haikuwepo. Kilichobaki ni sanamu za mawe, nyingine zimevunjika pua, pamoja na sura kwenye pesa na maandiko. Voshart alikusanya foto kama 800 za sanamu hizo, akazipitisha katika programu ya Artbreeder, kisha akamalizia kwa mkono kwenye Photoshop.

Programu ya namna hiyo inafanyaje kazi? Kwanza inaonyeshwa foto nyingi sana za watu wa kweli. Kisha sehemu mbili zinashindana: moja inatunga uso, nyingine inakagua. Ni kama mtu anayechapa dola za bandia, na kambisti wa soko anayezigeuza kwenye mwangaza. Kila mara kambisti anapokataa noti, mchapaji anajifunza kosa lake. Mwishoni kambisti anashindwa kutofautisha. Hata hivyo noti inabaki ya bandia.

Jiwe linaonyesha umbo la pua, paji la uso na ndevu. Rangi ya ngozi na ya macho halionyeshi, kwa sababu rangi zilizopakwa zamani zimefutika. Pale mashine inajaza kwa kufuata nyuso ilizofundishwa, na mtu anayeiongoza naye anachagua. Ndiyo maana Voshart alikosolewa juu ya rangi za ngozi na nywele, akarekebisha baadhi ya nyuso.

Mfano mzuri ni Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Afrika. Alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, katika Libya ya leo, akatawala toka 193 hadi 211. Berlin kuna ubao uliopakwa rangi wakati wa uhai wake, unaomwonyesha na ngozi nyeusi kidogo kuliko ya mke wake. Kwenye ubao huo uso wa mtoto mmoja umefutwa. Ni Geta, aliyeuawa na kaka yake Caracalla, kisha ikaamriwa kumbukumbu yake iondolewe. Mashine inaweza kujaza nafasi ile leo, lakini itakuwa inakisia tu.

Voshart alikuwa walau na jiwe mkononi. Mtu akiomba programu imchoree mwami wa Wahunde au wa Wanyanga aliyekufa kabla ya Wabelgiji kufika, itatoa uso safi kabisa, nao hautakuwa umetoka kwa mtu yeyote.

Jambo hili linagusa familia nyingi. Vita vilipofika Masisi-centre Januari 2025, na Walikale-centre Machi mwaka uleule, watu walikimbia bila kubeba foto. Wengine wamebaki na kafoto kadogo tu ka kwenye kadi ya mchaguzi, kamefifia. Kuna programu za telefone zinazokasafisha. Kwa ukumbusho wa nyumbani, sawa tu, mradi foto ya kwanza isitupwe na iandikwe kwamba ile nyingine imetengenezwa. Lakini kwa kutafuta mtu aliyepotea, kwa majirani au kwa Msalaba Mwekundu, inafaa kutoa ile ya kwanza, hata kama imechakaa. Mashine ikiongeza pua au jicho la mtu mwingine, watu watatafuta uso ambao hauko.

Hatari ni kubwa zaidi pale foto inapotumiwa kumshitaki mtu. Kabla ya kuituma mbele, maswali ni matatu: nani aliipiga, wapi, na siku gani? Kama hakuna anayeweza kujibu, ni afadhali foto ile iishie kwenye telefone iliyoipokea. Kosa juu ya uso wa Augusto halimuumizi mtu tena. Kosa juu ya uso wa kijana wa Nyabiondo au wa Kashebere linaweza kumtoa roho.