Majina ya Mungu kwa Ajili ya Waliotangulia

Askari wengi waliopata kutumikia Jinja wameiona sanamu ya Mahatma Gandhi iliyosimama karibu na chanzo cha mto Nile. Mwaka 1948, baada ya Gandhi kuuawa kwa risasi mjini Delhi, sehemu ya majivu yake ililetwa Uganda na kutiwa katika maji hayo. Sanamu yenyewe ilizinduliwa mwaka 1997 na Bwana I. K. Gujral, Waziri Mkuu wa India wa wakati ule. Wengi wetu hupita pale tukidhani kwamba majivu yakishachukuliwa na mkondo, mambo yamekwisha. Kwa Wahindu, ndipo kazi ya walio hai inapoanza. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya ulimi, yaani kuyataja majina ya Mungu na kumwelekezea marehemu thawabu yake.

Mwenye kutaja hukaa chini akiwa ameoga. Kwanza hutamka nia yake: jina la marehemu, ukoo wake, na kwamba fungu hili ni lake. Kisha huanza, Rama, Rama, au Narayana, au jina jingine alilopokea kwa mwalimu wake, akihesabu kwa ushanga wa punje 108. Waislamu miongoni mwetu watautambua mara moja kuwa ni jamaa ya tasbihi, na Wakatoliki watakumbuka rozari. Punje moja kubwa hukaa kichwani mwa ushanga, nayo haivukwi; akiifikia hugeuza na kurudi alikotoka. Kidole cha shahada hakiguswi na punje. Mwisho humimina maji yenye ufuta mweusi, ile simsim yetu, akielekea kusini, upande wa Yama, mtawala wa wafu.

Wakati mkubwa wa ibada hii ni nusu ya mwezi inayofifia, baina ya Septemba na Oktoba, iitwayo Pitru Paksha. Kila marehemu hukumbukwa katika siku ya mwezi aliyofia. Lakini siku ya 14 imetengwa kwa ajili ya waliouawa kwa silaha, wakiwamo waliokufa vitani. Na siku ya mwisho, mwezi unapopotea kabisa, ni ya wote ambao siku ya kufa kwao haijulikani. Sisi twaona kwamba waliopanga hesabu hiyo waliijua vita.

Wala si ajabu, kwa kuwa orodha mashuhuri kuliko zote, ya majina 1,000 ya Vishnu, imewekwa katika kinywa cha askari. Utenzi mkubwa wa Mahabharata wasimulia jinsi mzee Bhishma alivyolala juu ya kitanda cha mishale iliyomchoma mwilini, usiku 58, akingoja jua ligeuke kwenda kaskazini ndipo akate roho. Hapo ndipo alipomfundisha mfalme Yudhishthira majina hayo. Bhishma alikuwa ameapa kutooa, ili baba yake apate kumwoa mwanamke aliyempenda, basi akafa bila mtoto wa kumtolea maji. Hata leo, siku ya nane ya mwezi mchanga wa Magha, Wahindu wasio wa damu yake humtolea.

Kisa kingine ni cha kijana Prahlada, aliyeteswa na baba yake mwenyewe kwa sababu ya kulitaja jina la Vishnu. Baba alipouawa, kijana hakushangilia, alimwombea msamaha. Akajibiwa kwamba baba yule ametakaswa pamoja na vizazi 21 vya wazee wake. Hilo ni gumu kulimeza, na pengine ndiyo sababu linasimuliwa sana.

Si Wahindu wote wakubalio. Arya Samaj, jumuiya iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati mwaka 1875 na kufika Nairobi mwaka 1903, hufundisha kwamba kila mtu huvuna alichopanda, na kwamba heshima ya wazee ni kuwalisha na kuwatunza wangali hai. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini yamsaidia nini mwana aliyeletewa habari ya kifo tu, bila mwili?

Wana wa namna hiyo walikuwa wengi. Novemba 1914 majeshi ya India yaliteremshwa Tanga kupigana na Wajerumani, yakashindwa. Wapiganaji wa Kashmir waliingia mpaka mjini. Walikuwamo Wahindu, Waislamu na Masingasinga, na si wote waliokufa walioonekana tena na jamaa zao. Huko Gaya, katika jimbo la Bihar, ambako mahujaji hufinyanga matonge ya unga kando ya mto Phalgu kwa ajili ya wafu wao, mtu aruhusiwa kumwekea tonge rafiki, mtumishi, hata mgeni asiyemjua. Liko na tonge la wale wasio na mtu wa kuwataja.